Hatua Mia Saba na Sita

Nyinyi vijana mnaotembea na simu ikiwahesabia miguu, kaeni chini kidogo. Juzi mjukuu wangu Shiru aliingia hapa kwangu Makongeni akihema, akanisukumia simu usoni. "Guka, ona! Hatua elfu kumi. Kilomita saba na nusu!" Nikamuuliza, hiyo simu imejuaje urefu wa hatua yako? Akasema, "Iko na app, guka." Nikamuuliza tena kama hiyo app imewahi kumwona akitembea na njaa, au na viatu vya kubana, au akipanda mlima akiwa na mzigo. Akanitazama vile mnavyotutazama sisi wazee, akacheka, akaenda jikoni kutafuta chai.

Mimi sikucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mpaka nikastaafu: kugeuza hatua kuwa futi, futi kuwa yadi, yadi kuwa maili. Nililipwa kwa kutembea, haki ya Mungu. Na mpaka leo nikikumbuka vile miguu ya binadamu inaweza kuipima nchi, nywele zinanisimama, na sina nyingi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shamba la mkonge kati ya Ruiru na Thika. Shamba lilikuwa na cheni moja tu ya kupimia, ya chuma, na ilikaa imefungiwa ofisini. Ilitolewa akija mpimaji wa serikali. Kazi nyingine zote, ua upite wapi, barabara iwe ndefu kiasi gani, mkataji apewe mistari mingapi, zilipimwa na miguu ya mtu mmoja. Aliitwa Mutisya, Mkamba kutoka upande wa Machakos, mrefu, mwembamba, akivaa akala zile za matairi. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kazi yangu kubeba vigingi na nyundo.

Wacha niwaambie nilivyomjua Mutisya ni nani. Mpimaji wa serikali alikuja kupima mpaka wa mashariki. Alikuja na watu wanne, na mwavuli, akatolewa ile cheni ya ofisini, akafanya kazi siku mbili. Mutisya alikuwa ameshatembea mpaka ule ule asubuhi moja kabla ya chai ya saa nne, akamwambia nyapara, "Yadi elfu mbili mia moja na arobaini." Mpimaji alipomaliza na kujumlisha, akapata elfu mbili mia moja na arobaini na sita. Yadi sita! Katika zaidi ya maili moja, juu ya mawe na mashimo ya panya! Yule mzungu alivua kofia, akamtazama Mutisya. Hakumtazama uso. Alimtazama miguu, kwa muda mrefu, kama anataka kuinunua.

Nilimuuliza Mutisya anafanyaje. Akaniambia, "Si ajabu, kijana. Mungu amekupa cheni mbili bure. Wewe hujui tu zina urefu gani."

Basi siku moja akaomba cheni ofisini. Cheni moja ni futi sitini na sita. Tukailaza mara kumi kando ya reli, tukaweka kigingi huku na huku, futi mia sita na sitini. Akaniambia, "Tembea. Usijikaze, usijionyeshe. Tembea kama mtu anayeenda kwake." Nikatembea, naye nyuma yangu akinihesabia. Mara ya kwanza hatua mia mbili sitini na tatu. Ya pili sitini na tano. Ya tatu sitini na nne. Akachora chini kwa kijiti, akagawanya. "Futi mbili na nusu," akasema. "Hiyo ndiyo wewe. Ukisahau jina lako, usisahau hiyo." Wee, nilitembea wiki nzima nikijisikia mtu mkubwa.

Hapo sasa mjifunze kitu. Mtu asikudanganye ati hatua ya mtu mzima ni hivi ama vile. Hatua ni yako. Tafuta mahali unapojua urefu wake, hata kama ni uwanja wa shule, upite mara tatu, ugawanye. Halafu jua adui zake. Ukipanda mlima hatua inakuwa fupi. Ukiteremka, Mutisya alisema inarefuka kwa majivuno mpaka uogope kuanguka, ndipo inakuwa fupi kuliko zote. Ukivaa gamubuti pima upya. Usitembee na mtu mrefu, utamfuata bila kujua. Usitembee na msichana unayempenda, hapo hata kuhesabu utasahau, na mimi nina ushahidi, yuko jikoni, ndiye aliyemtilia Shiru chai juzi. Wapimaji wengine walihesabu mguu wa kulia tu. Mutisya alisema huo ni uvivu, mguu wa kushoto nao umetoka nyumbani.

Na hesabu zisikae kichwani zote. Unahesabu moja mpaka kumi, unakunja kidole. Vidole kumi vikiisha ni mia, unatoa punje ya mahindi mfuko wa kulia unatia wa kushoto. Miaka mingi baadaye, nikiwa peke yangu, nilitumia mahindi ya kukaanga, njaa ikanishika njiani nikala moja. Punje ile ilikuwa hatua mia. Nilimeza yadi themanini na tatu za ua wa watu! Tangu siku hiyo nilitumia vijiwe.

Lakini kosa hilo ni la kuchekesha tu. Kuna moja ambalo sikulicheka kwa miaka.

Kambi ya wafanyakazi haikuwa na maji. Maji yalikuwa kwenye tangi la kiwanda, na ya kambi yalikuwa mtoni Ndarugu, robo tatu ya maili, na ukingo wake wakati wa mvua ni utelezi mtupu. Mama yangu, maitu, alikuwa anakata mkonge shambani na kuishi hapo kambini. Kila siku alikwenda mtoni mara mbili, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, debe mgongoni, mũkwa kichwani. Mũkwa ni ile kamba ya ngozi inayopita kwenye paji la uso na kushika mzigo. Vijana wa leo mnaiona kwenye picha. Maitu alikuwa na alama yake hapa juu ya nyusi, imebonyea, hata akivua kitambaa unaona. Msimu ule wa mvua aliteleza ukingoni akaanguka na debe, nyonga ikaumia. Akalala siku mbili. Ya tatu akachukua debe lake akarudi mtoni, akitembea ameinamia upande mmoja.

Msimamizi wa shamba tulimwita Bwana Karamu, yaani kalamu kwa Kikuyu, kwa sababu penseli haikutoka sikioni mwake. Kiwanda kilikuwa kimetengenezwa upya na paipu tisini za maji zikabaki, kila moja futi ishirini. Bwana Karamu akasema zikifika kutoka kwenye tangi mpaka kambini, kambi itapata mfereji. Zisipofika, lori la Thika litakuja Jumatatu kuzichukua ziuzwe. Hatanunua hata moja zaidi. "Pima," akamwambia Mutisya, "letea mimi namba."

Mutisya alikuwa amechomwa na mwiba wa mkonge gotini. Mwiba ule una sumu yake, goti lilikuwa limevimba kama kibuyu, na asubuhi hiyo alikuwa anapelekwa Ruiru kwa daktari. Akaniambia, "Leo ni wewe, Njoroge. Toka tangini mpaka kile kigingi kilicho mbele ya stoo ya kambi. Tembea kama unaenda kwako." Kwa kweli nilikuwa naenda kwangu. Kutoka kile kigingi ungeweza kumwita maitu akaitika.

Nilitembea ile njia kwa heshima yote. Nikapata hatua mia saba themanini na nne. Mara futi mbili na nusu, futi elfu moja mia tisa na sitini. Gawa kwa ishirini: paipu tisini na nane. Nilizigawa mara nne, mara zote tisini na nane. Tulikuwa na tisini.

Nikapeleka namba. Bwana Karamu akaiandika. "Hapana fika," akasema. "Basi."

Kumwambia maitu ndiko kulikuwa kugumu. Alikuwa nje anapepeta maharagwe. Nikamwambia, maitu, zimepungua nane. Hakulaumu mtu. Aliweka uteo chini, akaingia ndani, akatoka na debe na mũkwa, akashika njia ya mtoni na ile nyonga yake. Niliumia, jamani. Nilitamani angenitukana.

Mutisya alirudi siku iliyofuata, Jumamosi, goti limefungwa, anatembelea fimbo. Nikampa namba. Akatazama tangi, akatazama kambi. "Hapana," akasema. "Hiyo kambi haiko mbali hivyo."

"Nimehesabu vizuri, mzee."

"Najua umehesabu vizuri. Ndiyo inanisumbua. Mimi leo siwezi kupima, hatua yangu ya leo ni ya mgonjwa. Tembea tena, mimi nikifuata. Na safari hii hesabu kwa sauti."

Sikuwa nimewahi kuhesabu kwa sauti mbele yake. Tulipokuwa pamoja yeye ndiye alihesabu, mimi nikipiga vigingi. Nikaanza kutembea. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane, tisa, kumi." Nikakunja kidole. "Moja, mbili..."

"Simama!" Mutisya alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, fimbo hewani. "Saba iko wapi?"

Nikamwangalia. Sikuelewa anauliza nini.

"Saba, Njoroge. Umetoka sita ukaruka nane. Umeifanyia nini saba?"

Nyinyi Wakikuyu wa siku hizi pengine hamjui, lakini kwa cucu wangu, nyanya yangu aliyenilea mpaka nikawa mkubwa wa kuchunga, namba hiyo haikutajwa. Ilikuwa namba ya waganga na ya laana. Mbuzi hawakuhesabiwa kabisa. Maharagwe tulihesabu, lakini cucu akifika hapo alinyamaza, mkono ukasogeza lile harage kimya, halafu akasema nane. Nami nikajifunza hivyo hivyo. Kwa maharagwe hakuna kilichoharibika, kwa sababu mkono ulifanya kazi hata mdomo ukinyamaza. Lakini kwenye kutembea, mguu wangu ulikuwa unangoja neno. Hakuna neno, hakuna hatua. Nilikuwa nasema kumi nikiwa nimepiga hatua tisa, nami sijui, nimefanya hivyo maisha yangu yote!

Nikamwambia Mutisya, kwa hivyo kipimo changu cha reli nacho ni cha uongo? Akatikisa kichwa. "Siku ile nilihesabu mimi, na saba yangu iko. Ungejihesabia mwenyewe siku ile kwa huo mdomo wako, hata leo ungepata sawa, kwa sababu kosa lingekuwa pande zote mbili. Tatizo tumechanganya miguu yako na mdomo wangu." Mpaka leo naona hilo ni jambo kubwa sana. Mtu anaweza kuhesabu kwa njia yake ya ajabu na bado akapima kweli, mradi mdomo uwe ule ule. Sikulisoma hilo shuleni.

Nilidhani sasa ataniambia nitembee upya. Wapi! Alifunga macho pale pale, anashikilia fimbo. "Mia saba themanini na nne," akasema polepole. "Hizo ni makumi sabini na nane, na nne juu. Kila kumi limeiba moja. Toa sabini na nane. Mia saba na sita." Midomo ikacheza. "Futi elfu moja mia saba sitini na tano. Paipu themanini na nane na kitu. Ya themanini na tisa itapita kigingi. Ya tisini itabaki." Akafungua macho. "Twende kwa Bwana Karamu."

Nilimsihi nitembee tena, tuhakikishe. Akasema, "Nimeshakwambia najua umehesabu vizuri."

Bwana Karamu hakutaka kusikia. Namba ilikuwa imeandikwa, lori limeitwa. Mutisya akasimama pale mlangoni na goti lake akamwambia, bwana, usiamini miguu yetu, amini paipu zako. Kesho Jumapili tupe ruhusa tuzilaze chini, kichwa kwa mkia, kutoka tangini. Bwana Karamu akamtazama. "Ikipungua hata moja," akasema, "wewe hapana pima tena. Wewe nakata mkonge." Mutisya akasema, "Ndiyo, bwana." Na sumu ya mwiba wa mkonge ilikuwa bado gotini mwake!

Sikula kitu asubuhi ile ya Jumapili. Watu walitoka kanisani, wakavua viatu vya kanisa, wakaja. Nani aliwaita sijui. Wanaume wawili wawili kila paipu, kina mama nao watatu watatu, wimbo wa kanisani ukiendelea. Mutisya alikaa juu ya jiwe akipiga kelele, "Nyoosha! Usiipinde hapo! Maji si nyoka!" Mimi nilikuwa nahesabu paipu, kwa sauti, na ile namba ya cucu niliitaja kila ilipofika. Hamsini. Sitini. Nikitazama mbele kile kigingi naona bado mbali, nikitazama nyuma paipu zinaisha. Bwana Karamu alikuja na mbwa wake akasimama upande.

Sabini na tano. Themanini. Watu wakaacha kuimba. Themanini na sita, na saba, na nane. Ya nane ikalala, kigingi kiko mbele yake kidogo, ungeweza kukifikia kwa hatua mbili tu. Wakaleta ya themanini na tisa. Ilipita kigingi kwa futi kumi na tano hivi. Na kule tangini, kwenye nyasi, paipu moja ilikuwa imebaki, peke yake.

Hakuna aliyepiga kelele. Ni hiyo ninayoikumbuka. Watu walitazama ile paipu moja kule mbali, halafu wakamgeukia Mkamba aliyekaa juu ya jiwe, na mwanamke mmoja akamtaja Mungu taratibu, "Ngai." Yeye hakupima hata hatua moja. Alisikiliza kosa la mwingine, akafunga macho, akajua paipu ngapi zitabaki. Mimi nimeona mengi baadaye. Nimeona mashine za kupimia zenye gurudumu, na zile za miale, na sasa simu. Hakuna iliyonitia woga kama ule. Bwana Karamu alitoa penseli sikioni, akaandika kitu, akasema lori lirudi tupu.

Mfereji ulitoa maji baada ya wiki mbili. Siku ya kwanza kina mama walipanga foleni, wakacheka, wakamwagiana maji kama watoto. Maitu sikumwona. Nilimkuta njia ya mtoni, ametembea karibu nusu ya safari na debe lake. Miguu ilikuwa imempeleka yenyewe. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, debe pembeni, akicheka na machozi yakimtoka. "Nimesahau, Njoroge," akasema. "Nimepita mfereji nikaja huku."

Nikakaa naye. Na pale ndipo nilipoona aibu, kwa sababu nilikuwa nimepima kila kitu katika shamba lile, ua, barabara, hata choo cha Bwana Karamu, na njia hii ya mama yangu sikuwahi kuipima. Nikachukua kijiti nikachora kwenye mchanga. Kwa kukisia, robo tatu ya maili kwenda, robo tatu kurudi. Mara mbili kwa siku, maili tatu. Jumapili pia, kiu haina Jumapili. Kwa mwaka ni zaidi ya maili elfu moja. Tulikuwa tumekaa kambini miaka minane. Nilirudia hesabu, nikaona nimekosea, nikarudia tena. Sikuwa nimekosea.

"Maitu," nikamwambia, "umetembea kutoka Thika mpaka Mombasa, ukarudi, karibu mara kumi na tatu. Nusu ya njia ukiwa na debe."

Alitazama zile namba zangu kwenye mchanga, ingawa hakujua kusoma. Akapangusa uso kwa kona ya leso.

"Na Mombasa yenyewe," akasema, "sijawahi kuiona."